Kikohozi cha Jengo la Thornhay

Giza lilikuwa linaingia Edmund Thackray alipopanda ngazi za jengo la Thornhay, mjini Hull, kuliaga. Kesho yake lingebomolewa. Alilichora mwenyewe alipokuwa msanifu kijana, baada ya vita, akiapa kuwatoa maskini kwenye vijumba vilivyooza. Likampa nishani na jina.

Wapangaji walikwisha kuhamishwa wote. Lakini ghorofa ya juu, mlango mmoja ulikuwa wazi. Harufu ya kuvu ikampiga puani.

"Ingia, kipenzi. Chai tayari."

Alimtambua mwanamke aliyemkaribisha. Doreen Askew! Miaka ile alisimama kwenye mkutano wa wapangaji, mwanawe begani, akilalamika kwamba kuta zinatoa maji na mtoto hapumui vizuri. Edmund akamjibu, "Kuta zangu hazina kasoro, mama. Tatizo ni nyinyi, mnapumua mno; pumzi zenu ndizo zinazolowesha kuta." Ukumbi ukaangua kicheko. Kabla majira ya baridi hayajaisha, mtoto akazikwa.

Na Edmund alijua. Tabaka la kuzuia baridi na unyevu kutani alikuwa amelifuta mwenyewe kwenye mchoro, apate fedha za kuongeza ghorofa.

Alikaa. Pumzi yake ilitoka nyeupe kama moshi. Ya Doreen...

Haikutoka.

"Nimeacha kupumua," mama alinong'ona, "kama ulivyonishauri. Kuta bado zinalia."

Koho... koho...

Kikohozi cha mtoto. Ndani ya ukuta.

"Haya, mwambie na yeye. Mwambie kosa ni lake."

Edmund akaweka kiganja ukutani. Ukuta ukapanda, ukashuka, kama kifua. Machozi yakamtoka.

"Kosa ni langu, mwanangu. Nilijua. Nilijua tangu mwanzo."

Kikohozi kikakoma.

Alipogeuka, Doreen hakuwepo. Edmund akashusha pumzi. Ndipo kikohozi kingine kikaanza, ghorofa ya chini yake. Kisha ya chini zaidi. Kisha kila mlango...

Alfajiri mlinzi alimkuta ghorofa ya chini kabisa, amepiga magoti, paji la uso ukutani, sauti imemkauka.

"We mzee! Umeingiaje humu? Inuka, babu, wanalipua leo!"

Edmund akamng'ang'ania koti. "Bado... mmoja hajanyamaza."

Mlinzi akacheka. Halafu kicheko kikamkatika. Akausogelea ukuta, akatega sikio.

Wabomoaji wakamtoa mzee nje, wakalipekua jengo chumba kwa chumba, wasione mtu. Mchana wakalilipua. Mlinzi aliomba asimame mbali, akaziba masikio.