Jarife Lililokatwa kwa Kisu

Mwanamke mmoja, fundi nyavu, alijivunia jambo moja: fundo lake halikufumuka. Kila asubuhi aliketi sebuleni akisuka jarife, wavu wa macho mapana wa kunasia papa. Juu ya mlango zilitundikwa taya saba za papa. Alizifuta vumbi mwenyewe na kumwonyesha kila mgeni.

Siku hiyo shemeji yake, mvuvi, aliingia na kapu jepesi.

"Shemeji, leo umevua au umeogelea?"

"Cheka tu. Pono hakuna, changu hakuna. Nimalizie jarife langu. Papa ndiye anayetunyang'anya kitoweo."

Binti wa dada yake fundi, mpiga mbizi wa idara ya uvuvi, aliweka kikombe cha chai chini.

"Baba mdogo, papa ulimwona lini mara ya mwisho?"

Mvuvi alikuna kichwa. "Miaka mitano. Sita, labda."

"Basi mwizi gani huyo asiyefika?"

Mvuvi alitua kapu chini. Binti akaendelea:

"Papa alikuwa akila mikunga, wale samaki kama nyoka msiowataka. Alipokwisha, wakazidi, wakawala pono. Na pono ndiye mfagizi wa mwamba. Hukwangua mwani juu ya matumbawe. Asipokuwapo, mwani hutanda, matumbawe hukosa mwanga na kufa. Joto la maji nalo huyaumiza, lakini mwamba uliofagiliwa hupona upesi. Matumbawe yakifa, samaki watakaa wapi?"

Fundi alizitazama zile taya saba.

"Wote hao walinaswa kwa mkono wangu."

"Mama mdogo, hukujua."

"Sikuuliza. Hilo ndilo kosa."

Alijaribu kulifumua jarife. Mafundo yalikataa. Akachukua kisu.

"Shemeji, mafundo yako hata kisu kinayaamkia!" mvuvi alitania, lakini naye akashika upande wa pili. Iliwachukua siku tatu.

Mvuvi aliwaomba wavuvi wenzake wafanye vivyo hivyo; walibisha sana, kisha wakakubali mmoja mmoja. Waliacha majarife, wakavua kwa mishipi, na papa aliyenasa walimrudisha majini. Walingoja miaka mingi, maana papa huzaa wachache na hukua polepole.

Asubuhi moja binti aliingia, nywele zikidondosha maji.

"Mama mdogo, nimemwona papa! Mdogo, urefu wa mkono. Na pono wanafagia."

Jioni ile kapu la mvuvi lilikuwa na pono watatu. Zamani lilifurika.

Fundi aliendelea kuzifuta vumbi zile taya. Ila hakumwonyesha mgeni tena.