Vikanyagio Alivyonunua Elroy

Ardis Lindquist alikutwa mtaroni saa moja na dakika kumi asubuhi, katikati ya Oktoba, amelala kifudifudi. Mkono wake wa kulia ulikuwa bado umeshika mfuko wa makopo matupu. Mtu alikuwa amemfunika kwa koti la buluu.

Inspekta Marlys Kvam alichuchumaa, akaliinua koti kwa ncha ya kalamu.

"La nani hili?"

"La Lowell Bratvold, dereva wa basi la shule," Konstebo Kou Vang alijibu. "Ndiye aliyemwona. Basi lilikuwa na watoto, akawaambia watazame upande wa pili, akashuka, akamfunika, akatupigia kwa redio."

Marlys alimfahamu marehemu, kama alivyomfahamu kila mtu katika kaunti ile ya mashamba na maziwa kaskazini mwa Minnesota. Ardis alikuwa na miaka sitini na sita. Alipika shuleni miaka thelathini, na alipostaafu akawa anatembea kila alfajiri kando ya barabara ya changarawe akiokota makopo. Alivaa kizibao cha kung'aa ili madereva wamwone gizani.

Kizibao kile sasa kilikuwa kimechanika pindo la kulia, na kipande chenye upana wa kiganja hakikuonekana. Walikitafuta mpaka jua likachomoza, wasikipate.

"Hakuna kioo kilichovunjika wala rangi," alisema Vang. "Hata breki dereva hakufunga. Tazama hizi alama za matairi, afande. Zinatoka barabarani taratibu, kama za mtu anayesinzia, halafu hapa zinarudi ghafla."

Daktari wa uchunguzi wa maiti alimpigia simu Marlys jioni ile.

"Kilichomuua ni jiwe la kalavati pale mtaroni. Aliangukia kichwa. Lakini kilichomwangusha ndicho kinachonisumbua. Chini ya goti la kulia kuna jeraha limenyooka kama limechorwa kwa rula."

"Bampa?"

"Bampa ingevunja miguu yote miwili. Hiki ni kitu chembamba, kigumu, kilichompitia kwa ubavu. Alikufa kama saa moja kabla ya kuonekana."

Alama za matairi zilikuwa za pikapu, kwa hiyo wiki iliyofuata walikagua pikapu arobaini na tatu. Walitafuta taa zilizovunjika na mabati yaliyobonyea. Hawakupata kitu. Marlys akatoa tangazo redioni: polisi wanatafuta kipande cha kizibao cha kung'aa, rangi ya ndimu, chenye utepe ulioshonwa kwa mkono kwa uzi mwekundu. Dada yake Ardis ndiye aliyeeleza habari ya ule uzi. Tangazo lilirudiwa siku nne, kisha likanyamaza. Theluji ya kwanza ikaanguka.

Simu ililia katikati ya Novemba.

"Naitwa Elroy Zabinski," alisema mzee mwenye sauti ya kukwaruza. Alikuwa anapiga kutoka mji ulio maili tisini kusini. "Nilikuwa fundi wa bodi za magari. Nadhani nina kitu chenu. Sijakigusa tena tangu nilipokiona."

Marlys na Vang walifika kabla ya saa sita mchana. Banda la Elroy lilikuwa na joto la jiko la kuni. Katikati ilisimama pikapu ya mwaka tisini na saba, nyekundu iliyofifia, kutu imeila milango kwa chini. Upande wa kushoto, chini ya mlango, kikanyagio cha alumini, ngazi ya kupandia garini, kiling'aa kama sufuria ya bibi harusi. Mwenzake wa kulia alilala juu ya meza, nusu amesafishwa na nusu mweusi.

"Angalieni msikanyage mafuta," alisema Elroy.

"Umenunua hivi vikanyagio kwa nani?"

"Kwa mwanamume mmoja, kwenye soko la vipuri vikuukuu, mwanzoni mwa mwezi. Mke wangu Dolly nyonga yake imekufa. Miaka miwili anapanda gari hili kwa ndoo ya rangi."

"Na miaka miwili anasema kesho nitakufungia ngazi," alisema Dolly, aliyekuwa amekaa kwenye kiti karibu na jiko. "Kesho yake ndefu kuliko ya serikali."

"Mwache mama aulize maswali yake, Dolly."

"Endelea, mzee," alisema Marlys. "Ulifanya nini hatua kwa hatua?"

Elroy alisogea mezani. Sasa alikuwa anaongea habari za kazi yake.

"Nilianza na maji ya moto na sabuni, kutoa matope. Halafu dawa ya kukata grisi. Halafu stilwaya laini kabisa, kwa sababu alumini ukiikwaruza kwa msasa mkali haisamehe. Cha kushoto kikatoka kizuri. Nikakifunga kwa bolti mpya, na mpira katikati ya alumini na chuma, maana wale wawili wakigusana, na chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu ikiwapata, wanalana. Jana nikaanza hiki cha kulia. Huku mbele kilikuwa kimepinda kidogo, na kifuniko chake cha plastiki kimepasuka. Nikaking'oa ili nioshe ndani."

Alielekeza kidole bila kugusa. Ndani ya uwazi wa kikanyagio, kimebanwa na ncha iliyopinda, kulikuwa na kitambaa cha rangi ya ndimu. Ukingoni mwake ulikatiza uzi mwekundu.

"Nilisikia redioni," alisema Elroy. "Nikamwambia Dolly, zima jiko la chai, tupige simu."

Vang alipiga picha, akavaa glavu, akaanza kufunga kielelezo. Marlys aliinama kutazama upande wa chini. Kikanyagio kilishikiliwa na brakiti tatu, vishikizo vya chuma. Mbili zilikuwa nyeusi, za kiwandani. Ya tatu ilikuwa ya kutengenezwa: kipande cha bomba la mraba kilichokatwa, kikatobolewa kwa drili na kuchomelewa. Rangi yake ilikuwa ya manjano iliyoiva.

"Hii umeiweka wewe?"

"Hapana. Ilikuja nayo. Huyo aliyechomelea anajua kazi."

"Umewahi kuona bomba kama hili?"

Elroy alifikiri. "Mguu wa kiti. Kiti cha basi la shule, kwa rangi hii."

Marlys aliinuka. Alijua mtu mmoja tu anayetengeneza viti vya basi la shule katika kaunti yake.

"Aliyekuuzia alikuwaje?"

"Mrefu, kidogo ameinama. Mpole. Nilimpunja bei nikitegemea anibishie. Hakubisha. Alitaka viondoke tu. Nikamuuliza mbona anauza ngazi nzuri hivi majira ya baridi yanakuja, akasema miguu yake mirefu, hazihitaji."

Vang alimwonyesha picha sita za wanaume. Elroy aliweka kidole juu ya picha ya nne bila kusita. Vang akamtazama Inspekta wake, kisha akatazama chini.

"Tutachukua na hicho kilichokwisha kufungwa, mzee. Pole."

"Mimi mwenyewe nitakifungua," alisema Elroy, akichukua spana. "Nyie mtaniharibia nyuzi za bolti."

Njiani kurudi, Vang aliendesha maili ishirini.

"Pikapu yake niliikagua mimi," alisema mwishowe. "Nilitafuta kilichovunjika. Sikutafuta kisichokuwepo."

"Sote tulitafuta hivyo," alisema Marlys. Alishika redio, akaongea na ofisi ya shule. Basi la Lowell, namba tisa, lingepewa dereva mwingine jioni ile. Hakueleza sababu.

Lowell Bratvold alikuwa gereji ya mabasi, anapangusa vioo. Marlys hakwenda kwake kwanza. Aliiendea pikapu yake uani, akalala chali juu ya theluji, akamulika tochi chini ya mlango wa kulia. Chesisi nzima ilikuwa na kutu, isipokuwa miraba mitatu safi palipokuwa pamefungwa brakiti, kila mmoja na tundu lililozibwa kwa lami. Mraba wa nyuma ulikuwa na alama ya rangi ya manjano.

Alipoinuka, Lowell alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa mkononi.

"Nikuletee zulia ulalie, Marlys?"

"Vikanyagio vyako viko wapi, Lowell?"

"Niliviuza. Vilikuwa vinaoza."

"Alumini haiozi."

Lowell alikunja kitambaa mara mbili, akakitia mfukoni.

"Una haki ya kunyamaza," alisema Marlys. "Una haki ya kuwa na wakili kabla hujajibu lolote, na usipoweza kumlipa utapewa. Lolote utakalosema litatumika mahakamani. Umenielewa?"

"Nimekuelewa. Tuingie ndani. Wakili simtaki."

Walikaa kwenye chumba cha madereva, meza yenye sahani ya biskuti na kalenda ya shule ukutani. Vang aliwasha kinasa sauti.

"Tarehe kumi na nne Oktoba, ulitoka nyumbani saa ngapi?"

"Kumi na mbili kasoro."

"Ukapita barabara gani?"

"Ile ile. Unajua."

"Ulimwona Ardis?"

"Sikumwona." Lowell aliweka viganja vyake juu ya meza. "Nakuapia kwa kitu chochote, sikumwona. Mara ya mwisho nakumbuka nilikuwa kwenye posta ya zamani. Kisha nikasikia mlio, kama mtu amepiga ndoo. Nikajikuta magurudumu yako majanini. Nikakata usukani, nikaendelea. Nikajiambia ni kulungu."

"Uliamini?"

"Mpaka nilipofika hapa nikatazama kikanyagio."

"Ulikuwa umelala?"

"Sikulala. Nilipotea." Alitafuta neno. "Inanijia. Kama mtu amezima taa na kuiwasha. Ilianza mwezi wa Machi."

"Daktari anasemaje?"

"Sijaenda. Najua atakachosema. Ugonjwa ukishapewa jina, lazima uliandike kwenye fomu ya leseni. Na ukiliandika, unanyang'anywa basi lako."

"Kuna kazi nyingine, Lowell."

"Zenye bima?" Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Mke wangu Jolene anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, Marlys. Figo zote mbili. Bima yake ni basi hili. Siendeshi basi kwa kupenda kuamka alfajiri. Nikishuka mimi kwenye kile kiti, yeye anashuka kwenye mashine."

Mashine ya kahawa ilitoa mvuke. Marlys aligeuza ukurasa wa daftari lake.

"Ulipokwenda na basi, ulijua utamkuta?"

"Nilijua. Ningeweza kupita njia ya ziwani. Lakini ningemwacha vipi pale, kwenye baridi, mbweha wamkute? Ardis alinipakulia chakula tangu niko darasa la kwanza. Siku nisiyokuwa na pesa hakuuliza. Ndiyo maana nikavua koti." Alifuta uso kwa mkono wa shati. "Mlipotangaza habari ya kizibao nilitaka kuja. Nikafika mpaka kwenye maegesho yenu. Jolene akapiga simu kuuliza nitarudi saa ngapi kumpeleka hospitali, nikageuza."

"Kisha ukavifungua vikanyagio."

"Nilikuwa nimevifungua siku ile ile. Niliviosha kwa maji tu. Sikuving'oa vifuniko, nilitaka viondoke tu mbele ya macho yangu."

Vang aliandika. Marlys alikuwa na kila alichokihitaji: kielelezo, shahidi, ungamo, sababu. Angeweza kuzima kinasa sauti. Lakini lilibaki swali moja, na alilijua tangu walipoketi.

"Tangu Oktoba, imekujia mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Wapi?"

"Moja nyumbani, jikoni."

"Na ya pili?"

Lowell alitazama kalenda ukutani.

"Kwenye basi," alisema. "Jumanne iliyopita. Tulikuwa tumesimama kabla ya reli, tunangoja treni ya mizigo ipite. Binti mmoja mdogo akaja mbele, akanigusa bega. Akaniambia, 'Bwana Lowell, treni imeshapita zamani.'"

Alitoa funguo za basi mfukoni, akazisukuma mezani mpaka zikafika mbele ya Inspekta.

"Siku ile ningekuja kwenu," alisema. "Hapo ndipo iliponipasa kuja."