Nitafutie, Mama Kinya

Mambo yalianza kwa kitu kidogo hivi, kitu ambacho hata wewe ungekipuuza. Jumatatu saa tatu asubuhi, mwalimu mmoja aliingia katika saiba ya Gladwell pale sokoni Kibirichia, chumba kimoja chenye kompyuta sita na mashine ya kuchapisha inayokohoa. Akaketi kwenye kompyuta ya pili, akaandika anachotafuta, akabonyeza. Badala ya ule ukurasa wa kutafutia ambao kila mtu anaujua, ukafunguka mwingine kabisa. Mweupe pe. Katikati kulikuwa na kisanduku cha kuandikia, na juu yake picha ya kidole gumba, na mistari yake yote, kama alama ya wino kwenye fomu.

"Mama Kinya, hii ni nini mmetuwekea?" mwalimu akauliza.

"Ni virusi kidogo tu, mwalimu. Nipishe dakika moja," Gladwell akajibu.

Alijua ilikotoka, au alidhani anajua. Mwezi wa sita alikuwa amepakua programu ya bure ya kuunganisha kurasa za fomu, na mnazijua programu za bure: zinakuuliza kama umekubali, kisha tena kama umekubali, na mtu mwenye haraka hasomi, anabonyeza tu. Huwa zinaingia na wageni. Basi Gladwell akafungua mipangilio, akafika palipoandikwa injini ya utafutaji, akarudisha ile ya kawaida. Ile ngeni akaifuta kwenye orodha. Akazima, akawasha, kompyuta ikawa safi.

Ila alipoinuka alisikia harufu ya ugoro, kali, kama mtu amefungua kikopo chini ya pua yake. Mle ndani hakukuwa na mzee hata mmoja.

Akajiambia ni upepo. Lakini alikwenda mlangoni kuchungulia, kwa sababu Kibirichia nzima ilimjua mwenye ugoro ule, na walikuwa wamemzika wiki moja tu iliyopita.

Huyo alikuwa Ciakuthii. Gladwell hapendi habari zake zisimuliwe, lakini mimi nitazisimulia, apende asipende. Alikuwa mjane asiye na mtoto, mwenye ekari moja na nusu ya viazi karibu na msitu. Mguu wake wa kushoto ulikuwa na kasoro, akitembelea fimbo yenye chuma kwenye ncha, ikigonga saruji ko, ko, ko. Kila siku ya soko alikuwa akipitia saiba na viazi vya kuchoma ndani ya gazeti, akimletea Kinya, binti pekee wa Gladwell. "Huyu ningemzaa mimi," alikuwa akisema, akimpangusa mtoto majivu mdomoni.

Mwezi wa sita, Kiunga, ndugu wa marehemu mumewe, alikuja saiba na fomu. Fomu ilisema Ciakuthii amekubali shamba lihamishiwe kwa jina la Kiunga.

"Shosho ni mgonjwa, hawezi kuteremka mpaka hapa," Kiunga akasema; shosho ndivyo tunavyowaita bibi vizee huku kwetu. "Amekubali. Imebaki kidole tu."

Sasa hapa lazima uelewe kazi ya saiba za huku kwetu. Vidole vya wazee waliochimba viazi miaka hamsini havina mistari tena. Jembe na udongo vimeila yote. Ukikandamiza kidole kama hicho kwenye wino, unapata doa tu, na fomu inarudishwa. Kwa hiyo Gladwell alikuwa na tabia: mzee akikubali, yeye humpigia kwa kidole chake mwenyewe, cha mkono wa kulia, na kazi inasonga. Amewapigia wengi, akaitwa msaidizi wa wazee. Lakini wale wote walikuwa wamekaa mbele yake kwenye kiti. Siku hiyo kiti kilikuwa kitupu, na Kiunga ndiye aliyekuwa mwenye jengo lile la saiba, na Gladwell hakutaka kugombana na mwenye jengo. Akakandamiza kidole kwenye wino, akapiga. Kisha akapakua ile programu ya bure, akaunganisha kurasa, akatuma.

Mwezi wa saba trekta ilikuja ikabomoa nyumba ya Ciakuthii, na yeye amesimama nje na kikopo chake cha ugoro. Alikuja saiba mara tatu baada ya hapo.

"Nitafutie, Mama Kinya. Hiyo mashine yako inajua kila kitu. Iulize, shamba yangu ni ya nani?"

"Mtandao umepotea, shosho. Rudi kesho."

Na nyuma yake watu wanacheka na video kwenye intaneti! Mara tatu, haya jamani, mara tatu alimrudisha mama wa watu kwenye ile baridi. Mwezi wa nane wakamkuta amekufa ndani ya stoo ya viazi, amejifunika magunia.

Hayo ndiyo aliyoyakumbuka Gladwell Jumanne, alipofungua mlango na kukuta skrini zote sita zinawaka ilhali alizizima mwenyewe jana yake. Zote zilikuwa na ukurasa mweupe na kidole. Akaandika kwenye kisanduku "hali ya hewa Meru", ili aone tu.

Likaja jibu moja: SHAMBA YANGU NI YA NANI?

Akaandika "bei ya mbolea". Jibu likawa lilelile. Chini yake kulikuwa na vitufe viwili, kimoja kimeandikwa RUDISHA, kingine KESHO. Akasogea karibu kuangalia ile picha ya kidole. Katikati ya mistari palikuwa na kovu la mshazari, lililokatwa na kisu cha kumenyea viazi alipokuwa msichana. Kilikuwa kidole chake.

Angebonyeza RUDISHA siku hiyo, pengine nisingekuwa na cha kusimulia. Lakini alifikiria polisi, akafikiria Kiunga, akafikiria nani atamlipia Kinya shule akifungwa. Akabonyeza KESHO. Papo hapo picha zikatoweka, kompyuta zikatulia. Akashusha pumzi, akachukua simu yake ampigie fundi, akaweka kidole gumba ili ifunguke. Simu ikakataa. Akapangusa kidole kwenye sketi, akajaribu tena, ikakataa tena.

Jumatano mchana ukungu ulishuka sokoni mpaka wachuuzi wakawasha taa saa nane, na kutoka kwenye ule ukungu akaingia Kiunga, kiatu kimoja, shati limechanika, pua inatoka damu.

"Gladwell," akanong'ona. "Wewe unanijua? Niambie kama unanijua."

"Nakujua, Mzee Kiunga. Nani amekupiga?"

"Watoto wangu." Akaanza kulia, mtu mzima yule. "Nimefika nyumbani, mbwa akanirukia. Bibi yangu akapiga nduru ati kuna mwizi. Nikasema ni mimi, ni Kiunga. Akaniambia hajawahi kuona mimi maisha yake yote. Miaka thelathini na moja, Gladwell! Na nikamwona nyuma yake, ndani ya nyumba yangu, amekaa kwa kiti yangu, anakunywa chai yangu."

"Ulimwona nani?"

Kiunga akageukia mlango. Alikuwa akisikiliza kitu nje, na Gladwell naye akakisikia, mbali kule kwenye veranda ya maduka, ko, kisha kimya, kisha ko, kisha ko, kikija polepole bila haraka yoyote, kama mtu ambaye sasa ana wakati wote duniani. Kiunga akatoka mbio kuelekea upande wa msitu, na tangu siku hiyo hakuna anayeuliza aliko, maana, ila Gladwell na mimi, hakuna anayekumbuka kwamba aliwahi kuwepo.

Jioni hiyo Gladwell alipofika nyumbani, Kinya alikuwa akifanya kazi ya shule mezani. Msichana akainua uso, akamtazama mama yake, akaendelea kumtazama, na macho yake yakawa na ile adabu tunayowapa wageni. Ikapita kama nusu dakika.

"Oh," akasema. "Mum. Sikuwa nimekujua."

Gladwell alikwenda chooni akajifungia, akauma kanga asisikike akilia. Shamba, jengo, jela, yote yalikuwa yamekwisha kuwa madogo. Alikuwa anampoteza mtoto.

Alhamisi asubuhi akamwita Murithi, fundi wa kompyuta anayezunguka masoko ya Buuri, kijana mwenye maringo ambaye huimba akifanya kazi. Murithi akaanza akiimba. Akaondoa ile programu ya bure kutoka mizizini. Akakagua ikoni ya kufungulia kivinjari, kama kuna anwani imebandikwa kwa nyuma, akaiondoa. Akafuta viendelezi vyote, vile viprogramu vinavyojibandika kwenye kivinjari. Mwisho akarudisha mipangilio yote ya mwanzo, kama kompyuta imetoka dukani jana. Akafungua. Ukurasa mweupe, na kidole. Akarudia. Mara ya tatu hakuwa anaimba tena.

"Mama Kinya," akasema kwa sauti ya chini, "kuja uone." Akainua waya wa intaneti mkononi mwake, alikuwa ameuchomoa. Kisha akaandika neno lolote tu, na jibu likaja vilevile, bila mtandao, herufi moja baada ya nyingine, kama mtu anayeandika kwa kidole kimoja. "Mimi hutoa virusi. Hii ni jini. Na jini haiji bila kuitwa. Ulifanyia nani nini?"

Gladwell akamwambia. Alimwambia yote, mpaka ile "rudi kesho", na Murithi akasogeza kiti chake nyuma kidogo.

"Basi mimi sina kitu ya kurudisha hapa," akasema. "Ya kurudisha iko na wewe."

Gladwell akabonyeza RUDISHA kwenye kompyuta zote sita, moja baada ya nyingine, kwa nguvu, na hakungoja kuona kitakachotokea. Akamwomba Murithi amlindie saiba, akachukua nakala ya fomu, akaondoka kwenda Meru mjini kwa wakili. Njiani mguu wa kushoto ukaanza kumuuma nyongani, na aliposhuka alikuwa akichechemea.

Wakili alikuwa mtu mpole, mwenye miwani. Akaandika kiapo chote: kwamba kidole kwenye fomu ile si cha Ciakuthii, ni cha Gladwell, na kwamba marehemu hakukubali kitu.

"Umefanya vizuri kuja, mama," akasema. "Shamba linaweza kurudishwa. Sasa piga kidole chako hapa, kilinganishwe na kile cha kwenye fomu. Huo ndio ushahidi wenyewe."

Gladwell akakandamiza kidole kwenye wino, akapiga. Wakili akainama. Akavua miwani, akaivaa tena.

"Piga tena."

Akapiga tena, na tena, akapangusa, akabadilisha wino, akapiga mpaka karatasi ikajaa, na kila alipoinua mkono palibaki doa jeusi, laini, tupu, bila mstari, bila kovu, doa kama lile walilokuwa wakiacha wazee wa viazi aliokuwa akiwaonea huruma miaka yote ile.

"Hiki hakifanani na kitu chochote," wakili akasema taratibu. "Pole. Nikupatie maji, shosho?"

Shosho! Gladwell ana miaka thelathini na tisa.

Alirudi Kibirichia saa kumi, ukungu umeshika soko lote, hata mwenye viazi anaita wateja asiowaona. Alitembea ameegemea ukuta wa maduka kwa sababu ule mguu ulikuwa haumbebi tena, na kila aliyekutana naye alimpisha kwa heshima na hakuna aliyemwita jina. Akamwomba Mungu njia nzima, akaomba kwa sauti, kwamba amchukulie saiba na amchukulie jina lakini amwachie Kinya. Alipofika mlangoni akaona skrini sita zinang'aa, kila moja na ule ukurasa wa kutafutia wa kawaida, na watu wameketi wanatafuta mambo yao, na Murithi anafunga begi lake huku akiimba. Mashine zilikuwa zimepona.

Nyuma ya meza alikuwa Kinya na sare ya shule, anakula kiazi cha kuchoma kutoka kwenye gazeti. Akainuka haraka, akapangusa mikono.

"Karibu, shosho. Ingia, kuna baridi. Nikusaidie na nini?"

"Kinya. Kinya wangu, ni mimi. Ni mum."

Msichana akatabasamu, akamtazama Murithi, na Murithi akainua mabega. Alikuwa mtoto mwenye adabu, hakucheka.

"Umechoka, shosho. Kaa hapa kwa kiti. Unatafuta nini, nikutafutie?"

"Namtafuta mama yako!" Gladwell akalia. "Mama Kinya ako wapi?"

"Ako hapo ndani. Ngoja nimwite." Kinya akageuka kuelekea pazia la chumba cha nyuma. "Mum! Kuna shosho hapa anakutafuta. Nimwambie nini?"

Nyuma ya pazia kikopo kikafunguliwa. Harufu ya ugoro ikajaa chumba kizima, na hakuna aliyegeuza kichwa. Kisha ikatoka sauti, na ilikuwa sauti ya Gladwell mwenyewe, nyororo, isiyo na haraka.

"Mwambie mtandao umepotea. Arudi kesho."