Fundi Rangi Aliyeogopa Ngazi

Kila asubuhi Fundi alifika dukani kabla mwenye duka hajamaliza kufungua makufuli. Lilikuwa duka la rangi. Alisimama nyuma ya kaunta, akachanganya rangi anayotaka mteja, akafunga kopo vizuri lisivuje njiani.

Haikuwa kazi mbaya. Lakini haikuwa kazi yake.

Kazi yake ilikuwa kupaka rangi. Tangu ujana alikuwa mtu wa ngazi na brashi. Akishafika juu, karibu na dari, roho yake ilitulia. Sasa alibaki chini, akiwauzia wenzake rangi.

Mteja akija, Fundi hakukosa kumuuliza, "Inakwenda ukuta gani?"

"Wa sebuleni."

"Umepigwa msasa?"

"Sijui, fundi wangu ndiye anayejua."

Fundi alimchanganyia rangi yake, akamfungia kopo. Lakini moyo wake ulishafika kwenye ile sebule asiyoijua. Aliziona pembe zake. Aliisikia harufu ya rangi mbichi.

Jioni alizunguka njia ya mbali ili asipite penye jengo jipya linalopakwa rangi. Siku nyingine alizunguka njia hiyo hiyo ya mbali ili akalitazame jingine.

Aliiacha kazi ya kupaka rangi kwa sababu ya siku moja tu. Fundi alikuwa na kisukari, na alikuwa akichoma sindano za insulini. Siku hiyo alichoma sindano, akatoka mbio bila kula. Alijisemea kwamba atakula huko huko kazini. Alipofika, kazi ikamnogea, akasahau chakula.

Akiwa juu ya ngazi, sukari ilishuka, mikono ikaanza kutetemeka. Jasho likamtoka. Akateremka akiyumba, akakanyaga ndoo, rangi ikamwagika juu ya zulia.

"Mlevi!" mwenye nyumba alipiga kelele. "Asubuhi yote hii!"

Mwenzake wa kazi alimshika mkono, akamtoa nje, akampa soda. Mwenzake huyo alikuwa mfupi kweli kweli, ndiyo maana watu walimwita Mrefu. Fundi alipopata nafuu, Mrefu alimuuliza kwa sauti ya chini, "Umekunywa?"

Fundi alimrudishia chupa tupu, akaenda kukusanya brashi zake. Mrefu hakujua lolote kuhusu kisukari cha mwenzake. Na Fundi aliona ni heri aitwe mlevi kuliko aitwe mgonjwa.

Tangu siku hiyo hofu ilimwingia. Hakuogopa sukari kupanda, aliogopa sukari kushuka. Akaanza kuipunguza dawa mwenyewe, bila kumwambia mtu. Kutwa alikunywa soda. "Ikiwa juu, angalau sitetemeki," alijiambia.

Siku moja Mrefu aliingia dukani akicheka.

"Fundi, nimepata ukumbi! Kuta zake ukitaka kuona mwisho, kofia inaanguka. Bila wewe siuwezi."

Moyo wa Fundi uliruka. Kisha akainamisha kichwa. "Tafuta mwingine. Mgongo unanisumbua."

"Mgongo? Sasa hivi nimekuona umebeba ndoo mbili."

Fundi akajifanya anapanga makopo.

"Basi," Mrefu alisema, wala hakucheka tena. "Kama umenichoka, ungeniambia tu."

Akaondoka. Fundi alimsindikiza kwa macho mpaka alipokata kona. Alitamani kumwita. Akarudi nyuma ya kaunta.

Wiki zile mwili nao ulianza kumsumbua. Kiu haikuisha. Alikwenda chooni mara kwa mara. Nyumbani alikuwa mkali kwa mambo madogo. Macho yakaingia ukungu. Siku moja alisoma vibaya namba ya rangi, akamchanganyia mteja kijani badala ya buluu.

Mkewe alipopata habari alisema, "Mume wangu, twende kliniki."

"Siendi. Watanigombeza."

"Wakigomba, tutagombezwa wote wawili. Vaa viatu."

Kliniki, nesi alimpima. Sukari ilikuwa juu sana. Fundi alitazama sakafu, akingoja maneno makali.

"Baba," nesi alisema, "dawa unaichoma yote?"

Fundi alizidi kuinama.

"Sikuulizi ili nikuseme. Wapo wengi wanaoipunguza, na mara nyingi wana sababu. Wewe unaogopa nini?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo. Fundi alifungua mdomo, na yote yakatoka: ngazi, zulia, neno mlevi, soda. Hata habari ya Mrefu aliisema.

Mkewe alimgeukia. "Siku zote hizi tunalala kitanda kimoja, na hukuniambia?"

"Niliona aibu, mama watoto."

Nesi alivuta kiti karibu. "Hofu yako ina maana, baba. Sukari ikishuka mno ni hatari. Lakini ukiiacha juu siku zote, inaharibu macho, figo na miguu taratibu. Hatutaki iwe juu, hatutaki iwe chini. Tutamwona daktari apange upya kipimo cha dawa. Wewe usikibadilishe peke yako."

"Na ikishuka nikiwa kazini?"

"Kwanza, ukichoma dawa ya kabla ya chakula, kula. Usiseme utakula huko mbele. Pili, pima kwa mashine yako ndogo kabla ya kupanda ngazi. Ikisoma chini ya nne, hakuna kupanda. Ukianza kutetemeka, kutoka jasho au kuchanganyikiwa, shuka mara moja. Kunywa nusu glasi ya juisi au soda yenye sukari, au vijiko vinne vidogo vya sukari ndani ya maji. Ngoja dakika kumi na tano, pima tena. Ikiwa bado iko chini, rudia. Ikipanda, kula chakula, na upumzike chini karibu saa nzima."

"Je, akizimia?" mkewe aliuliza.

"Msimtie kitu chochote mdomoni, asije akapaliwa. Mlazeni ubavu, mkimbizeni hospitali. Ndiyo maana anaofanya nao kazi lazima wajue."

Fundi alishusha pumzi. Hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko sindano.

"Nesi," alisema polepole, "zamani nilikuwa naamka, nabeba ngazi, naenda. Sifikiri kitu. Natamani siku zile."

"Zitamani tu, baba. Hata kulia, lia. Kisukari kinachosha mwili na kinachosha kichwa pia. Ukichoka, njoo useme umechoka. Hapa hatuwagombezi watu. Ila dawa usiiache."

Jumapili ile Fundi alikwenda kwa Mrefu. Alimkuta akiosha brashi uani. Fundi hata hakukaa kitako.

"Ndugu yangu, sikuwa mlevi siku ile. Nina kisukari. Na mgongo wangu ni mzima."

Mrefu aliiweka brashi chini. "Kumbe! Mimi nikajua umenichoka."

"Niliona aibu kuitwa mgonjwa."

"Nitazame vizuri," Mrefu alisema. "Mimi na kimo hiki naitwa Mrefu kila siku, mbele ya wakwe zangu, na sijafa. Wewe ungekufa?"

Fundi alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akamweleza yote aliyoambiwa na nesi. Mrefu aliuliza, akarudia, akauliza tena.

Hawakukimbilia juu. Daktari alitaka sukari itulie kwanza. Fundi alichoma dawa kama alivyoelekezwa, akala kwa wakati, akaiacha soda, ila chupa moja ndogo ya dharura. Nyumbani wote walikula chakula kile kile, mboga nyingi na wanga kidogo. Ukungu wa macho ukaondoka polepole, na kiu ikatulia. Kliniki walimpima tena, na daktari akamruhusu kupanda.

Alipoukanyaga ukumbi, sehemu ya chini ya kuta ilikuwa imekwisha. Mrefu alikuwa amemwachia sehemu ya juu. Fundi alipima, akala, akapanda. Magoti yalimtetemeka, lakini hiyo ilikuwa furaha.

Siku ya tatu, karibu na adhuhuri, kutetemeka kukawa kwa aina nyingine. Fundi aliitambua dalili.

"Mrefu! Inashuka."

"Shuka taratibu. Nimeishika ngazi."

Akashuka, akapima. Ilikuwa chini. Akanywa soda yake, akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Mlinzi wa ukumbi alisogea. "Ana nini huyu?"

Mrefu alitaka kujibu, lakini Fundi alimtangulia.

"Nina kisukari. Sukari imeshuka, nimeshakunywa soda. Baada ya muda kidogo nitakuwa sawa."

"Ah, pole," mlinzi alisema. "Hata dada yangu anacho." Akaenda zake.

Ndiyo hivyo tu. Hakuna aliyepiga kelele. Fundi alipima tena, sukari ikawa imepanda. Akala, akapumzika vya kutosha, akapaka milango ya chini hadi mwili ulipotulia kabisa.

Alasiri alipanda kumalizia mstari wa mwisho chini ya dari. Aliuvuta kwa brashi, moja kwa moja hadi kwenye pembe. Ukanyooka.

"Tumemaliza!" Mrefu aliita. "Teremka twende!"

"Naja," Fundi alijibu. "Niache kidogo huku juu."