Mkono wa Kushoto

"Piga ya juu, mume wangu! Hiyo hiyo!"

Fundi alikuwa katikati ya sebule, miwani ya gemu usoni, anarusha ngumi hewani kama anafukuza nyuki. Ungemchungulia dirishani ungesema kachanganyikiwa. Kumbe ndani ya miwani mipira inamjia mbio, na pembeni yake mumewe, aliye kazini ng'ambo, anaipiga naye.

Daktari alishamwambia: bila jasho, sukari itakumaliza. Mazoezi yenyewe aliyachukia kama sindano. Ndipo mume akanunua miwani mbili. "Tutacheza wote kila asubuhi, Bonge langu." Mwezi wa nane huu, Fundi anatoka jasho huku anacheka. Kipaza sauti cha mume kiliharibika zamani, yeye humjibu kwa kuandika tu.

Mpira wa juu ukaja. Leo, kwa mara ya kwanza, mume akaupasua kwa mkono wa kushoto.

Fundi akaganda. Mipira ikampita.

Mashati ya mumewe anayashona yeye. Mkono ule ulivunjika kabla hawajaoana, haupandi kupita bega. Kila shati, kwapa la kushoto humwachia nafasi.

Akaandika humo humo kwenye gemu: "Wewe nani?"

Jibu likaja: "Nisamehe, shemeji. Nilikuwa nakaa naye chumba kimoja."

"Yeye yuko wapi?"

"Alihama mwezi wa pili tu tangu mwanze kucheza. Akaniachia miwani. Akasema nikuchezee, usije ukaacha mazoezi."

"Kahamia kwa nani?"

"Mpigie mwenyewe, shemeji."

Akavua miwani, akapiga simu. Akapokea mwanamke, nyuma yake kitoto kichanga kinalia.

"Baba watoto anaoga. Nimwambie nani?"

"Fundi wake wa mashati."

Maji yakafungwa, simu ikabadilisha mikono.

"Bonge, nisikilize..."

"Ulishindwa hata kuniaga?"

"Nilitaka upone kwanza."

"Nipone nimfae nani?"

Fundi akakata.

Kwenye cherehani kulikuwa na shati jipya, la kumpokelea mumewe likizo ikifika. Akakaa, jasho bado linamtiririka. Akafumua kwapa la kushoto, akalikata, akalishona sawasawa na la kulia. Shati la mtu yeyote.

Miwani ikalia mezani, akachungulia ndani yake. Ujumbe: "Shemeji, sukari haina likizo. Kesho tucheze?"

Fundi akausoma mara mbili. Akaichukua miwani, akaizima, akaifungia kabatini.

Kesho yake sebule ilikuwa kimya. Na keshokutwa.