Kasha Tupu Mezani kwa Fundi

Haya yalimkuta shoga yangu mshonaji. Mimi nisingehangaika na lile jitu zima, mwanawe, lina ndevu mpaka kifuani na bado linacheza gemu! Kompyuta yake ilikuwa imechoka. Yeye alitaka iongezwe memori, mama yake alitaka itupwe, inunuliwe mpya ya kufanyia kazi.

"Mama, bado inafaa."

"Hebu nyamaza, baba zima!"

Wakaipeleka wote wawili kwa fundi, naye akatoa vyuma vyote mpaka feni, akavipanga mezani, likabaki kasha tupu.

"Hii ni ya kutupa," akasema.

Mara umeme ukakatika, na chumba hakikuwa na dirisha. Gizani, ndani ya kasha, feni ikaanza kuvuma, kisha ikasikika sauti ya mwanawe:

"Mama, usinitupe."

Shoga akampapasa mwanawe kwa hasira, akamziba mdomo kwa kiganja. Mdomo ulikuwa umefumbwa, na sauti iliendelea kuomba.