Mabawa Sita ya Mpira

Kitendawili, wajukuu zangu! Hunywa bahari na kuitema papo hapo. Siku akiacha kutema, hushikwa na homa. Mmeshindwa? Nipeni mji. Haya, mmenipa Rockland: nimefika, nimekula kambakoche kwa siagi, magamba nimewaachia ninyi. Jibu ni injini ya mashua ya tanga. Na asubuhi moja ya Agosti, nje ya kisiwa cha Great Wass, pwani hiyohiyo, injini ya mashua iitwayo *Hattie* iliacha kutema.

Verna Beal alikuwa kwenye usukani. Ukungu ulikuwa mzito, upepo umekufa, tanga linaning'inia kama shuka lililoloa. King'ora cha joto kikalia. Akainama kutazama ekzosi, bomba la nyuma linalotoa moshi pamoja na maji yaliyopoza injini: moshi mweupe, maji hakuna hata tone. Akazima injini upesi. Katika kimya kile ndipo aliposikia mawimbi yakipasuka, na sauti za kubweka.

"Alton! Umesikia?"

"Sili tu hao, mbwa wa bahari," alijibu mumewe.

"Na sili hukaa juu ya nini, baba? Juu ya mawingu?"

Alton akatupa nanga. Chini kulikuwa na mwamba mtupu. Nanga ikateleza kama kijiko juu ya sahani. Akaipandisha tena, akaita kwenye redio. Mashua ya uokoaji ingefika baada ya saa moja na nusu. Akatazama boya la mtego wa kambakoche likiwapita ubavuni, akapima kasi ya maji ya kupwa yaliyokuwa yakiwavuta.

"Nusu saa tutakuwa juu ya miamba," alisema.

Mabega ya Alton hayakuenea nyuma ya injini, kwa hiyo Verna ndiye aliyeshuka na spana na bisibisi, akajipenyeza ubavu kwa ubavu na chuma cha moto. Valvu ya kuingiza maji ilikuwa wazi. Akaifunga, akafungua chujio. Safi kabisa. Alitamani kukuta hata gugu moja la bahari, apate wa kumlaumu.

Ikabaki pampu. Skrubu za kifuniko chake zilikuwa sita, na ya tatu ikamponyoka, ikaanguka ngamani, chini kabisa ya mashua, ndani ya maji meusi yenye mafuta.

"Laana ya chuma!" alipiga kelele.

"Kuna nini huko?"

"Kuna mimi! Endelea kusikiliza miamba yako!"

Akamulika ndani ya pampu. Kigurudumu cha mpira kinachosukuma maji kilikuwa kizima, mabawa yote sita yamesimama kama vidole vya mtoto. Verna akataka kulia kwa hasira. Kitu kizima, na bado maji hayaendi!

"Hiki ni kipya," alisema.

"Si nilikwambia? Nilikibadilisha mwezi wa tano."

"Na kile cha zamani? Kilitoka na mabawa yote? Ulihesabu?"

Juu, nyayo za Alton zikakimbilia mbele ya mashua.

"Alton, ulihesabu?"

"Mama, miamba naiona sasa. Fanya haraka."

Verna akarudisha kifuniko kwa skrubu tano. Kitavuja, na kivuje. Kisha akakamata mpira mnene unaopeleka maji kwenye kipoozeo, akalegeza pete yake ya chuma. Mpira ulikuwa umegandamana. Akauvuta, ukakataa. Akautukana, akaweka mguu ukutani, akavuta kwa uzito wake wote. Ukachomoka ghafla, na kiganja chake kikabandikwa kwenye chuma cha moto. Ngozi ikabaki pale.

Akaingiza kidole mdomoni mwa kipoozeo. Vipande viwili vya mpira mweusi, mabawa ya kile kigurudumu cha zamani, vilikuwa vimeziba mirija, na majani ya bahari ya kiangazi kizima yamejishika juu yake kama nywele kwenye kitana. Akavikwangua na kuvitia mfukoni. Akarudisha mpira, akakaza pete kwa mkono mmoja, akafungua valvu.

"Washa!"

Injini ikakohoa, ikashika. Verna akapanda juu, mkono kifuani. Mwamba ulikuwa karibu kiasi cha kuona masharubu ya sili. Wote wawili walitazama ekzosi. Moshi. Moshi. Kisha ikakoroma na kutema bahari, pwaa, na tena, pwaa. Alton akasukuma gia, *Hattie* ikageuza mgongo mawimbi yakiinyeshea.

Waliingia bandari ya Jonesport saa nne, ukungu ukipanda. Njiani Alton alikuwa ameiarifu mashua ya uokoaji kwamba hawaihitaji tena. Alifunga kamba gatini, akaleta maji baridi ndani ya ndoo, akautia mkono wa mkewe humo taratibu, kama anayeosha yai.

Verna akatoa vile vipande viwili kwa mkono mzima, akaviweka kwenye benchi kati yao. Hakupaza sauti. Angekubali jibu la "nilisahau kuhesabu." Alikuwa amekwisha kulisamehe.

Alton akavigusa kwa ncha ya kidole.

"Nilihesabu, Verna," alisema. "Mabawa yalikuwa manne tu."